Mkia wa Treni Barabarani

Jumatatu, 8 Machi

Nimempelekea tena Mama Ngalula maji. Ndoo moja, kama jana. Bado yuko mbele ya duka la mikate. Leo ni siku ya nne. Tangu asubuhi mkokoteni wake umesogea hatua sita.

Mama Ngalula alikuwa jirani yetu, nyumba ya tatu upande wa kisima. Ameng'oa mlango na mabati, amevilaza juu ya mkokoteni, juu yake magodoro, juu ya magodoro watoto watatu. Anakwenda stesheni kupanda treni ya Kasai, kama wote waliofukuzwa. Stesheni si mbali. Nilipokuwa shuleni nilikuwa nakwenda na kurudi kabla maharage hayajaiva.

Treni yenyewe ndiyo imefunga njia. Ina mabehewa mengi kuliko urefu wa stesheni, na mkia wake umebaki juu ya barabara, kwenye bariyeri, kizuizi cha pale reli inapokata njia. Treni inangoja watu. Watu na mikokoteni yao hawawezi kuifikia kwa sababu ya treni. Niliisoma tena sentensi hii nione kama nimekosea. Sikukosea. Barabara nyingine inapita ndani ya machimbo, na huko askari hawamruhusu Mkasai hata mmoja.

Nilikaa na Mama Ngalula kidogo. Sikupata la kusema. Huwa sipati. Yeye ndiye aliyesema: miaka yote alikuwa anatamani kufungua biashara mbele ya duka la mikate, sasa ameipata nafasi. Wenzake walicheka.

Niliporudi Tata, baba yangu, aliniuliza, "Njia iko je?"

"Haiyafunguka."

Alikaa. Alivua viatu. Uso wake ulilegea. Niliuona.

Jumanne, 9 Machi

Mvua tangu alfajiri. Sikwenda.

Kofia ya kazi ya Tata iko chini ya godoro. Mama aliitoa leo ili isishike ukungu, akaitazama, akairudisha.

Tata alilinda bariyeri ile miaka kumi na tisa. Januari walimwambia kazi ya reli sasa ni ya wenye nchi. Tata alizaliwa hapa Kolwezi. Ni babu aliyeletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Walisema hilo halibadilishi kitu. Vijana wa chama cha hao wenye nchi walimwambia mbele ya watu kwamba wakimwona tena karibu na bariyeri watamvunja mikono. Alirudi nyumbani mapema siku hiyo. Mama alifikiri anaumwa.

Wakati wake mkia wa treni ulibaki barabarani mara nyingi. Treni za madini zilikuwa ndefu kuliko hii. Tata hakungoja. Alikata treni. Pale reli ina mteremko mdogo kuelekea Mutshatsha. Unaweka kabari za mbao chini ya magurudumu ya mabehewa yanayobaki, unafungua mnyororo kati ya mabehewa mawili, kisha unalegeza breki za mkono za mabehewa ya nyuma, taratibu, moja baada ya nyingine. Yanateremka yenyewe, polepole kuliko mtu anavyotembea. Barabara ikiwa wazi unayazuia kwa kabari nyingine. Watu watatu, nusu saa. Nilikuwa nampelekea chakula, naketi kwenye jiwe, naangalia. Ningeweza kuieleza kazi hiyo kwenye mtihani.

Sasa mlinzi ni Tata Kalenga. Zamani alifagia karakana. Ana watoto watano. Si mtu mbaya. Hakuna aliyemfundisha. Anateremsha bariyeri na kungoja amri ya mkuu wa stesheni. Mkuu wa stesheni naye ni mpya, anangoja karatasi kutoka Lubumbashi.

Jumatano, 10 Machi

Mwalimu wetu wa mwaka wa mwisho alikuwa anasema jambo lolote linaandikika kwa sehemu tatu: sababu, hasara, dawa. Mwalimu mwenyewe aliondoka na treni ya Februari. Sina pa kupeleka insha. Nimejaribu hata hivyo, maana nimemaliza shule na sina kazi nyingine ya akili.

Sababu ni treni, lakini si treni peke yake. Kila familia imebeba mlango wake. Hakuna anayetaka kumwachia mlango mtu atakayeingia nyumbani mwake. Mkokoteni una upana wa mita moja, mlango una mita mbili, na wanaulaza kwa mapana ili magodoro yakae juu. Kwa hiyo mikokoteni miwili haipishani. Malori ya shaba nayo yameingia katikati na hayawezi kugeuka. Kisha askari wanasimamisha watu sokoni ili kupekua mizigo. Na mazishi. Makaburi yako upande huu wa reli, huku nyuma. Mtoto akifa stesheni, wanampitisha chini ya behewa, kisha msafara unakuja kinyume cha watu wote. Sisi hatupiti mbele ya maiti. Kila mtu anasimama, anavua kofia, anangoja. Ni heshima. Juzi walipita watatu.

Hasara: watoto wanalala juani na mvuani. Unga umeharibika. Gari la masista lenye dawa limekwama nyuma ya soko. Anayechelewa kufika stesheni anangoja zaidi, anayengoja zaidi anaugua, anayekufa anaongeza msafara, msafara unaongeza kuchelewa. Nimechora duara pembeni mwa ukurasa. Halina mahali pa kutokea.

Dawa ni kukata treni.

Hapo niliweka kalamu chini. Nimekwenda kupepeta unga, nimerudi. Niandike basi, kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Sisi tuko kwenye orodha ya treni inayofuata. Hii isipoondoka, inayofuata haiji. Isipokuja, Mama yuko nasi.

Mama haendi. Yeye ni Mlunda wa upande wa Sandoa, hakuna anayemfukuza. Kwetu mtoto wa kwanza alipewa jina la upande wa baba, wa mwisho wakampa la upande wa mama. Kati yetu walikuwa wawili, walikufa wadogo. Mimi ni Kapinga, jina la mama yake Tata. Mdogo wangu ni Muteb, jina la babu wa Sandoa. Ana miaka miwili, bado ananyonya. Njiani watoto wa umri wake wanakufa. Tata na Mama waliongea juu ya hilo siku nzima Februari, wakakubaliana: Muteb abaki na Mama, jina lake halitamsumbua. Mimi niende na Tata, kwa sababu jina langu liko kwenye karatasi zote, na kwa sababu Tata hajui kupika. Hilo la mwisho walilisema kama mzaha. Mimi sikuulizwa. Nadhani ningekubali. Sijui.

Kwa hiyo najua dawa na siisemi. Tata anaijua kuliko mimi.

Alhamisi, 11 Machi

Mjomba Kapend amefika kutoka Mutshatsha kumchukua Mama na Muteb. Anasema safari ilikuwa siku mbili mpaka mlangoni mwa mji, na siku ya tatu kwa kilomita mbili za mwisho. Aliliacha lori akaja kwa miguu, anapanda juu ya mikokoteni ya watu na kuomba radhi.

Alimtania Tata kama kawaida yao. "Shemeji, hii treni yenu inakataa kwenda. Na yenyewe inapenda bukari ya dada yangu." Bukari ni ugali wetu.

Tata alicheka. Mama alicheka pia. Halafu wote watatu waliacha, na Muteb peke yake akaendelea kucheka.

Mjomba alitaka kuondoka na Mama kesho. Mama alisema hapana. Hataondoka kabla hajatuona tumepanda. Mjomba alisema kwamba kwa msongamano huu hata mahindi aliyoyapanda yatavunwa na wengine. Mama alisema basi yavunwe.

Njia haijafunguka.

Ijumaa, 12 Machi

Ntumba anaumwa. Ni mtoto wa mwisho wa Mama Ngalula, ana miaka mitatu. Anaharisha tangu jana. Macho yameingia ndani. Mama yake hawezi kuuacha mkokoteni na wale wawili. Aliniuliza kama ninaweza kumpeleka kwenye hema la masista, kule stesheni.

Nilimfunga mgongoni. Nilipita chini ya behewa kama wanavyopitisha maiti. Askari alipiga kelele, sikugeuka. Sijawahi kutomjibu mkubwa.

Hema limejaa. Sista ni mzee, ana miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimbana Ntumba ngozi ya tumbo, ngozi ikabaki imesimama. Alisema mtoto anahitaji maji ya mshipani, na maji ya mshipani yamo ndani ya gari, na gari liko nyuma ya soko. Dereva anaogopa kufungua turubai katikati ya watu, watamwangusha. Alinipa maji yenye chumvi na sukari kwenye chupa. Alisema nimnyweshe kijiko kimoja kimoja. Kisha aliniuliza, kama mtu anayeuliza saa, "Hii njia itafunguka siku gani?"

Nilisema sijui.

Ntumba alitapika kila kijiko. Nilimrudisha kwa mama yake.

Tata aliniuliza kuhusu njia. Nilimjibu. Sikumwambia kuhusu Ntumba. Ningemwambia, angechukua kofia. Ninamjua.

Jumamosi, 13 Machi

Nimekwenda kwenye bariyeri. Nilisimama kando ya kibanda muda mrefu, mpaka kivuli changu kikahama. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu nyumbani: kabari, mnyororo, breki, mteremko.

Tata Kalenga alitoka akaniona.

"Weye ni mutoto wa Tata Mukendi."

"Ndiyo, tata."

"Unatafuta nini?"

"Hapana kitu."

Alinitazama. Alingoja kidogo. Nilisema kwaheri, nikaondoka. Nilipofika kona nilitembea haraka.

Naandika bila kujificha: haikuwa aibu tu. Aibu ninayo, lakini jana niliweza kupita chini ya behewa mbele ya askari.

Mama alipika sombe ya majani ya mihogo yenye karanga. Mjomba alileta samaki wakavu. Tulikula wote kwenye sinia moja, hata Mama, ambaye kwa kawaida anakula jikoni. Muteb alimlisha Tata kwa mkono wake, mengi yakaanguka kifuani. Tata alisimulia kuhusu ng'ombe aliyelala juu ya reli akakataa kuondoka mpaka mkuu wa stesheni mwenyewe alipokuja kumwomba. Tumeisikia mara nyingi. Tulicheka kuliko mara zote.

Nilifurahi. Ninaandika hivi ili siku moja nisije nikasema sikufurahi.

Jumapili, 14 Machi

Ntumba amefariki. Alfajiri.

Nilisikia baada ya misa. Nilipofika, wanaume walikuwa wanakata mlango wa Mama Ngalula kwa msumeno. Mlango wa bluu. Walipata jeneza na mbao za kubaki.

Msafara haukuweza kupita. Watu walitaka kupisha lakini mikokoteni haikuwa na mahali pa kwenda. Ikawa hivi: jeneza lilipokezwa juu ya vichwa. Mtu mmoja alilishika, akampa wa mbele, wa mbele akampa mwingine. Walisimama juu ya mizigo yao, juu ya magodoro, dereva wa lori la shaba juu ya boneti. Lilikwenda hivyo mpaka soko likaisha. Mama Ngalula alitambaa chini na kati ya mikokoteni ili kulifuata. Hakuna aliyeimba. Nafikiri kila mtu aliogopa kuliangusha.

Lilipita mikononi mwangu pia. Halikuwa na uzito.

Tulirudi nyumbani mchana. Tata alikuwa uani. Nilisimama mbele yake. Mama alikuwa anafua pembeni.

"Tata, mi nilijua namna ya kukata treni. Nilikwenda mpaka kwa Tata Kalenga. Sikusema."

Alinivuta karibu.

"Hata mi nilijua," alisema. "Na mi ndiye mukubwa. Hii muzigo ni yangu. Usiibebe."

Nililia kwenye kanga ya Mama mpaka ikalowa. Mama alijifuta mikono, akaingia ndani, akatoka na kofia. Aliipangusa kwa kiwiko. Alimpa Tata.

Hata yeye alijua, basi. Tulikuwa watatu.

Jumatatu, 15 Machi

Nimechoka. Mikono inanuka grisi. Niandike kwa utaratibu.

Tulikwenda mapema, Tata na mimi. Tata alivaa kofia tangu nyumbani. Watu wa msongamano walimtambua, wengine walimwita kwa jina. Tata Kalenga alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda. Waliangaliana. Nilifikiri atamfukuza.

"Nilikuwa nakungojea tangu siku ya kwanza," Tata Kalenga alisema. "Siku zote nauliza, huyu mutu amekufa?"

"Walisema watanivunja mikono."

"Mi pia walisema nikiharibu treni watanifunga. Mi naogopa hizi breki, Tata Mukendi. Mi nilikuwa fundi wa fagio."

Kwa hiyo yeye pia alikuwa anaogopa. Hakuwa amekataa. Hakuwa anajua. Alikuwa anatia sahihi kwenye daftari kila asubuhi kwamba njia imefungwa.

Tata alizungukia mabehewa, aligonga magurudumu kwa nyundo, alisikiliza. Alisema sita ya mwisho ni matupu, ya madini. Yanatosha. Kabari zilikuwa palepale alipoziacha, chini ya sakafu ya kibanda. Tata Kalenga alikuwa analala juu yake bila kujua. Tulihitaji mtu wa tatu. Tata aliangalia wanaume waliokuwa karibu, kisha akanipa mimi kabari. Aliniambia nisimame wapi na nisiingize mguu.

Vijana wa chama walikuja Tata alipokuwa chini, kwenye mnyororo. Watano. Mmoja alikuwa na fimbo ya chuma. Mwingine alisema kwa sauti, "Angalieni. Bilulu binajifungulia mulango." Bilulu ni wadudu. Wanatuita hivyo. Tata hakuinuka. Niliona shingo yake.

Tata Kalenga aliwaendea. Mtu mfupi. Aliwaambia: "Mi ndiye nilimuita. Munataka baende ama munataka babaki? Hii njia ikifungwa, nani atabaondoa? Nyiye mutababeba kwa mugongo?"

Walifikiri. Yule wa fimbo alicheka, akasema mzee ana akili. Walikaa kivulini kuangalia.

Hilo ndilo neno lililotuokoa. Kwamba tutaondoka upesi. Sitaki kulisahau na sitaki kulikumbuka.

Mnyororo ulifunguka. Tata aliinua mkono. Tata Kalenga alizungusha gurudumu la breki, Tata akamwambia taratibu, robo, robo tena. Behewa lililia. Kisha yote sita yakaanza kwenda, hata hayakuonekana yanakwenda, niliyajua kwa sababu kivuli kilitoka miguuni mwangu. Barabara ikaonekana upande wa pili. Kipande cha lami, kisha kipande kikubwa. Watu hawakupiga kelele. Tata akasema, "Weka." Nikaweka. Gurudumu liliuma mbao, likasimama.

Tata alisimama katikati ya njia na kuinua mikono yake miwili. Hakuruhusu wote kukimbilia. Aliwaambia walaze milango kwa urefu, wote, hakuna anayepita na mlango wa mapana. Wakamtii. Aliita wa kulia, akazuia wa kushoto, gari la masista kwanza, kisha wenye wagonjwa. Nilimsikia anapiga mluzi. Tangu Januari sikuwa nimemsikia.

Kabla ya saa sita gari la dawa lilikuwa kwenye hema.

Jana lingefaa zaidi. Juzi zaidi.

Jumanne, 16 Machi

Mama Ngalula amepita. Mkokoteni wake umekuwa mwembamba bila mlango. Alinishika mkono akanishukuru kwa maji, na kwa kumbeba mtoto. Alisema Mungu anione.

Sikumwambia. Nilifungua kinywa. Mkubwa wake alikuwa anamvuta nguo. Wakaenda.

Jumatano, 17 Machi

Barabara tupu. Mbwa, karatasi, kiatu cha mtoto. Unaweza kutembea katikati.

Tata Kalenga amemwomba Tata amfundishe breki mpaka siku yetu. Tata anakwenda asubuhi na mapema, anarudi na mafuta kwenye shati. Halipwi kitu. Anaonekana mrefu.

Alhamisi, 18 Machi

Treni imeondoka. Tuliisikia tukiwa jikoni. Mama alikuwa anasonga bukari. Alisimamisha mwiko mpaka mlio ukaisha, halafu akaendelea. Bukari ilikuwa na madonge. Tuliila yote.

Ijumaa, 19 Machi

Treni nyingine imefika asubuhi. Fupi. Mkia wake haukufika hata kwenye bariyeri.

Walisoma orodha mbele ya stesheni. Jina la Tata, kisha langu. Jumapili.

Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba kitu fulani kitazuia. Nimetafuta siku nzima. Hakuna.

Jumamosi, 20 Machi

Mama alinisuka. Alivuta sana. Alinieleza mambo kama anayetuma mtu dukani: chumvi itiwe mwisho, Tata asinywe chai tupu asubuhi, kanga ya kijani nisiifue kwa maji ya moto. Nilijibu ndiyo, Mama. Nilitaka kumwuliza kama ananikasirikia kwa sababu nilisema. Sikuuliza. Alipomaliza kusuka alifumua nywele za upande mmoja, akaanza tena. Hazikuwa na kosa.

Jumapili, 21 Machi

Tulitoka nyumbani saa moja. Saa moja na nusu tulikuwa stesheni. Sijawahi kuona barabara nyepesi vile. Mjomba Kapend alibeba sanduku letu kichwani, hakutania njia nzima. Stesheni alimkumbatia Tata kwa muda, akasema, "Shemeji, nitawalinda." Tata alisema anajua.

Mama alikuwa na Muteb mgongoni. Amelala. Tulikubaliana tusimwamshe. Nilimshika kisigino.

Mama alinitazama tu. Mimi nilisema, "Mama, nisamehe." Alisema, "Ulisema vizuri. Panda."

Tata Kalenga alikuwa kwenye bariyeri nyuma yetu treni ilipoondoka, amesimama wima, bendera mkononi. Tata alimwonyesha kwa kidole aipandishe kidogo. Akaipandisha.

Jumatano, 24 Machi

Tumesimama mahali kabla ya Kamina. Hakuna anayejua jina. Nyasi pande zote. Wanasema tunangoja lokomotivu nyingine ya kutuvuta.

Ni behewa la madini, halina paa. Wametandika maturubai. Vumbi la kijani limeingia kwenye mishono ya nguo zangu. Tata analala akiwa ameketi. Nimepika chai kwa moto wa nyasi, nimeweka mkate kando yake.

Asubuhi mama mmoja mzee alihamia kona yetu kutoka behewa la nyuma, ambako kuna surua. Anapanga mizigo kwa uangalifu ili kila mtu apate pa kunyoosha miguu. Aliniuliza familia yetu tuko wangapi.

"Tuko wanne," nilisema.

Tata alikuwa amefumbua macho. Alisikia. Hakunisahihisha.

Yule mama alitazama huku na huku, hakuona wengine, hakuuliza. Alivuta mfuko wake wa unga, akauweka karibu na ukuta, akatuachia nafasi ya watu wanne.

Ni mchana sasa. Nafasi ya wale wawili hatujaikalia.